Mayai Yenye Uhai

Jirani yangu Mzungu alipiga hodi asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, nikiwa nawatupia kuku chenga za mahindi. Alisimama nje ya ua mpaka nilipomkaribisha, maana Kiswahili chake alikisomea darasani na adabu zake vilevile, na hakuwa mtu wa kuingia nyumba ya watu kichwakichwa. Tulisalimiana. Akaniuliza habari za nyumbani, za kuku, za shamba, kisha akasema:

“Nataka mayai, mwalimu. Lakini nataka yenye uhai.”

Nilidhani amekosea neno. Nimefundisha shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hata baada ya kustaafu masikio yangu hayajaacha kusahihisha.

“Unataka mabichi,” nikamwambia.

“Hapana. Yenye uhai. Ya kuku anayeishi na jogoo.”

Hapo nikamtazama vizuri. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, nywele nyeupe kazifunga kisogoni kwa kitambaa. Alikuwa amejenga ng’ambo ya njia yetu ya Bongwe, nyumba ya makuti iliyozungukwa na miti, na muda wote huo hatukuwahi kukosana. Alikuwa akinunua kwangu mayai ya kula kama wanunuavyo wengine, bila maneno mengi. Lakini huku kwetu mtu haulizi kama yai limepita kwa jogoo isipokuwa kwa mambo mawili: ama anataka kuatamisha, ama ametumwa na mganga. Na yeye kuku hakuwa naye.

“Ya nini?” nikamuuliza.

“Ya sherehe,” akasema, akatabasamu. “Na kama una maganda ya vitunguu maji, yale makavu mekundu, usiyatupe. Nitayachukua.”

Nikampa mayai. Maganda nikamwambia sina, na nilikuwa nayo.

Nyumbani tulikuwa watatu, mimi, mwanangu wa kiume na mkewe. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwanangu ni fundi wa friji na viyoyozi, anazunguka kwenye mahoteli ya Diani, na hurudi jioni na harufu ya mafuta na chuma. Mkaza mwanangu ni mchoraji wa hina. Mkono wake ni mwepesi ajabu, na Shaabani ndio msimu wake, kwa sababu watu hukimbilia kuozesha kabla Ramadhani haijaingia. Siku nyingine alikuwa akitoka asubuhi kwenda kumpamba bibi harusi hadi Msambweni, asirudi mpaka magharibi.

Walikuwa wameoana miaka mingi na hawakuwa na mtoto.

Mwezi ule tulikuwa na mgeni pia. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Kikoneni kutibiwa macho, na kama kawaida yake alikuja na kifurushi cha mizizi. Wifi hakuwahi kuingia nyumbani kwangu mikono mitupu kwa upande wa mkaza mwana. Mara mizizi ya kuchemsha, mara hirizi ya kufunga kiunoni, mara jina la mganga mpya. Mimi kwa upande wangu nilipendelea kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akanywa. Binti wa watu alikuwa akipokea yote, ya wifi na yangu, anashukuru, anakunywa, anaosha kikombe.

Nilipomsimulia wifi habari ya mayai, akaweka chini bakuli lake la uji.

“Yenye uhai? Amesema hivyo kwa mdomo wake?”

“Amesema hivyo.”

“Na kwenye nyumba yako muna mwanamke asiyezaa.” Akavuta kanga yake mabegani kama aliyeshikwa na baridi, na jua lilikuwa kali la kumkausha mtu. “Wifi, wewe umesoma sana. Lakini yai lenye uhai likitoka nyumbani kwako, uhai gani umetoka nalo?”

Nikamwambia aache maneno hayo. Lakini neno likishaingia halitoki kwa kuambiwa litoke. Tangu siku ile nikaanza kuutazama ua wa jirani yangu.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vitambaa. Mbele ya nyumba yake kuna mwarobaini mkubwa, na asubuhi moja nilipotoka kufagia nikaona amefunga matawini vipande virefu vya nguo: vya manjano, vya kijani, vyeupe. Vilikuwa vikipepea taratibu. Sisi tuliozaliwa huku tunajua kitambaa juu ya mti maana yake nini. Nilipokuwa mtoto, tulipopita karibu na mti wa mzimu na kuona kitambaa chekundu au cheupe kimefungwa, tulikuwa tunakaza mwendo na kutazama chini. Sasa mti wa aina hiyo ulikuwa ukitazamana na mlango wa jiko langu.

Kisha nikaona sungura. Alikuwa wa udongo, kamweka juu ya nguzo ya lango, masikio yamesimama. Darasani sungura wangu wote walikuwa walaghai. Sijapata kumsimulia mtoto kisa ambacho sungura anaaminika. Huyu alikuwa ametazama nyumbani kwangu.

Kitu cha tatu kiliniuma zaidi, kwa sababu hakikuwa ng’ambo ya njia. Nilikuwa natafuta kifuniko cha sufuria, nikainua gunia nyuma ya mlango wa jiko, na chini yake nikakuta mfuko wa maganda ya vitunguu. Si ya siku moja. Yalikuwa yamekusanywa, yakachambuliwa, yale mekundu peke yake, makavu, mepesi. Mpikaji wa nyumba ile alikuwa mkaza mwanangu.

Sikumuuliza. Nilirudisha gunia kama lilivyokuwa, nikawa namtazama. Nikagundua kwamba anapoaga asubuhi hachukui njia ya barabarani anakopandia gari la kwenda kwa mabibi harusi. Alikuwa akizunguka nyuma ya banda la kuku. Nikamuuliza siku moja, kwa upole, “Leo wapi, mwanangu?” Akasema, “Msambweni, mama, kuna bibi harusi.” Mkoba wa hina ulikuwa begani. Alisema bila kunitazama, na yule si msichana wa kusema na mkubwa bila kumtazama.

Wifi alisikia, akatikisa kichwa polepole. “Wamekwisha mshika,” akasema.

Niliona afadhali niende chanzoni. Jioni, baada ya laasiri, nilivuka njia, nikamkuta jirani yangu amepiga magoti anapanga vyungu vidogo vya udongo vyenye mbegu. Nikamsaidia kuinuka, tukakaa barazani kwake.

“Hii sherehe yako,” nikamwambia, “ni sherehe ya nini hasa?”

Alifurahi kuulizwa. Akaniambia kwamba kwao, wakati kama huu, majira yanageuka. Baridi inaondoka, mchana na usiku unalingana, na kuanzia hapo mchana unaanza kuushinda usiku. Watu wa zamani wa nchi yake, kabla kanisa halijafika, walikuwa na siku yao. Walipaka mayai rangi kwa sababu yai ni uhai uliofungwa. Walimpenda sungura kwa sababu anazaa sana. Walipanda mbegu, walizima moto wa zamani wakawasha mpya, wakaiomba ardhi izae, na mifugo izae, na wanawake wazae.

“Wanawake wazae,” nikarudia.

“Ndiyo. Zamani hilo lilikuwa jambo kubwa zaidi.”

“Na mlikuwa mkimwomba nani?”

“Wengine wanasema mungu wa kike. Mimi nasema ardhi tu.”

Nikaleta istighfari moyoni. “Kwa hiyo wewe si Mkristo?”

“Hapana, mwalimu. Mimi ni mpagani.”

Alilisema wazi kabisa, kama mtu anayekuambia yeye ni mshonaji. Katika umri wangu wote sijamsikia mtu akijiita hivyo kwa kinywa chake. Kwetu hilo ni neno la kumwita mwenzako mmekwisha gombana. Nilitazama mikono yake yenye udongo, nikatazama na vile vyungu.

“Lakini hapa hakuna baridi inayoondoka,” nikasema mwisho. “Hapa mchana na usiku unalingana mwaka mzima. Sherehe yako hapa haina mahali pa kukaa.”

“Najua,” akasema. “Nimelifikiria sana hilo. Hapa nangojea mvua ya masika, kama wewe.”

Nilirudi nyumbani nikiwa sijatulia, na jambo lililonisumbua zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Aliposema kuzima moto wa zamani, nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa mtu wa Mkwiro, kule kisiwani. Bibi alikuwa mwanamke wa swala tano na tasbihi, lakini alinisimulia kwamba katika utoto wake, Siku ya Mwaka, ule mwaka mpya wa kizamani, kila nyumba ilizima moto wa jikoni, majivu yakatupwa baharini, watu wakaoga, kisha wakawasha moto mpya wakapika. Wajomba zangu walikuwa wakimnyamazisha akianza kisa hicho. Sikupenda kwamba maneno ya yule mama yalifanana na ya bibi. Nilijiambia kwamba mchawi hodari huanza kwa kukuambia unalolijua.

Mwanangu nilimdokezea jambo hilo wakati wa chakula. Akacheka. “Mama, Wazungu wa Diani wana mambo mengi kuliko hayo. Wengine wanakumbatia minazi.” Mkewe alikuwa akimtilia mchuzi. Hakucheka naye.

Ikafika siku yenyewe. Mimi sikujua kwamba ndiyo siku yenyewe. Mkaza mwanangu alikuwa ametoka mapema, kabla hapajapambazuka vizuri, na mumewe alikuwa kazini tangu jana, hoteli moja ilikuwa imeharibikiwa mitambo ya baridi. Nilimaliza kuswali alfajiri, nikasikia wifi anafungua mlango wa mbele. Kisha nikasikia akipiga ukelele.

Nilimkuta ameshikilia mlango kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ameuinua. Mbele ya kizingiti, juu ya kiota kidogo cha nyasi, palikuwa na yai. Lilikuwa jekundu la hudhurungi, rangi kama ya damu iliyokauka, na limezungukwa na maandishi. Hivyo ndivyo nilivyoona. Mistari myembamba, vitone, vitanzi vilivyoshikana, kutoka ncha hadi ncha, bila nafasi tupu.

“Talasimu,” wifi akasema kwa sauti ndogo. “Usiliruke. Usiliguse kwa mkono.”

Sikuligusa. Mimi niliyekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wasiogope paka weusi, nilikwenda uani nikakata jani la mgomba, nikalichota lile yai kama mtu anayechota kaa la moto, nikalifunga. Nilimfikiria mkaza mwanangu aliyepita kizingiti kile gizani. Kama yai lilikuwa pale alipotoka, basi alikuwa amekwisha liruka.

Tulikwenda kwa mwalimu wa madrasa, mimi mbele na wifi nyuma, tukiwa tumejifunika kama tunaokwenda hitimani. Yule ustadhi ni kijana, nilimsomesha mwenyewe alipokuwa mdogo. Alikuwa akifagia baraza ya madrasa. Akatuamkia shikamoo, akatuwekea mkeka. Nikafungua jani.

“Limewekwa kizingitini kwetu,” nikamwambia. “Tunataka utusomee, na utuambie tulitupe wapi.”

Akasoma kidogo, mdomo ukicheza, huku ameinama juu ya yai. Kisha akaacha. Akalichukua kwa vidole, wifi akavuta pumzi. Akaligeuza upande huu na upande huu kwenye mwanga.

“Mama,” akaniambia, “haya si maandishi.”

“Ni nini?”

“Hili hapa ni ua. Hili ni shina, linapanda hivi, hapa limechanua. Na hivi vitone vinafuata.” Akasita, akaona haya kidogo. “Mke wangu anayo hina kama hii mikononi hivi sasa. Alipakwa juzi kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Hii si kazi ya mkaza mwanao?”

Nilichukua yai nikalitazama, na safari hii nikaliona. Lilikuwa ua lile lile ambalo nililiona kwenye viganja vya mabibi harusi wa mtaa mzima, lenye petali ndefu na kikonyo kilichopinda kama ndoana. Alilichora hata kwenye mikono yangu mwenyewe, Idi iliyopita. Na mimi nililiona pale kizingitini, nikasoma uchawi.

“Basi ndiyo mbaya zaidi,” wifi akasema. “Wamemfanya alichore mwenyewe.”

Ustadhi akanifungia yai kwenye jani. Akatuambia turudi nyumbani tusome Ayatul Kursi, na yai tukitaka tulizike, tukitaka tulile.

Wifi alirudi nyumbani. Mimi sikurudi. Nilivuka njia na jani langu mkononi, nikaingia lango la sungura bila hodi.

Chini ya mwarobaini walikuwa wamekaa wanawake wachache wa Kizungu, wakazi wa Diani niliowahi kuwaona sokoni, na mzee mmoja wa kiume mwenye fimbo. Katikati yao palikuwa na jungu la majivu lenye moto mdogo, sinia la mikate, asali, na bakuli pana la mayai mekundu, yote yamechorwa. Jirani yangu alikuwa akitia mbegu kwenye chungu kimoja kimoja na kumpa kila mtu. Hapakuwa na kuchinja wala kupandisha mashetani. Walikuwa wanaimba, tena walikuwa hawaimbi vizuri. Na pembeni, juu ya kigoda, na kanga yake kichwani, mkaza mwanangu alikuwa akimchora hina mama mmoja mnene kwenye kiganja.

Aliponiona, akasimama. Koni ya hina ikamwanguka.

“Mwalimu, karibu!” Jirani yangu akaja na mikono yenye udongo. “Umepata yai lako? Nimeweka kwa wote walionisaidia. Kwetu tunaliacha mlangoni alfajiri, ni baraka.”

“Kwetu,” nikamwambia, “anayeacha yai mlangoni kwa mtu anamtakia kifo.”

Sura yake ilibadilika. Alitazama jani, akatazama uso wangu, akafahamu. Akaweka mkono kinywani. “Nisamehe,” akasema. “Sikujua. Hakuna aliyeniambia.”

Nikamgeukia mkaza mwanangu, maana yeye ndiye aliyepaswa kumwambia. Alikuwa ameinamisha kichwa.

“Sikujua kama ataliweka mlangoni, mama. Wallahi. Nilijua kuchora tu.”

“Twende nyumbani,” nikasema.

Hatukufika nyumbani. Nilimwona anatembea kando yangu, nikakumbuka kwamba nyumbani yuko wifi, na macho yake mabovu yanaona kila kitu. Tukakaa nyuma ya banda la kuku, juu ya gogo.

“Ulinidanganya,” nikamwambia. “Ulisema Msambweni.”

“Siku nyingine nilikwenda Msambweni kweli. Siku nyingine nilikwenda kwa jirani.” Alikuwa akisugua hina iliyomwagikia kidole gumba. “Aliniona nikichora kwa watu, akaniuliza kama hina inashika kwenye yai. Nikajaribu, ikashika. Anayachemsha kwanza kwa maganda ya vitunguu, ndiyo wekundu ule. Ni kazi tu, mama.”

“Kama ni kazi tu, kwa nini ufiche?”

“Kwa sababu ya siku yenyewe. Nilipoanza sikujua ni ya nini. Nilipokwisha chora mengi ndiyo akaniambia. Akasema ni sherehe ya zamani ya kuomba uzazi.” Akafuta kidole kwenye kanga. “Nikacheka. Nikacheka mpaka nikawa nalia, mama wa watu akashtuka, hajui amesema nini. Nikaona hata kule limenifuata.”

Kuku mmoja alikuja akadonoa ukingo wa kanga yake, akamsukuma kwa mguu.

“Akaniuliza nini kinaniliza,” akaendelea, “nikamwambia kichwa kinauma. Hakuuliza tena. Nikaona mahali pazuri, nikawa narudi.”

“Na hukuomba chochote pale? Hukula, hukunywa kitu cha kutaka mtoto?”

Hilo swali nilipaswa kuliuliza, hata leo naona hivyo. Mkwe wangu alikuwa ndani ya ibada ya watu tusiowajua. Lakini aliponiinulia macho, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, niliona nimefungua mlango ambao sikuwa nimeukusudia.

“Kunywa?” akasema. “Mama, kombe nimekunywa. Mizizi ya shangazi nimekunywa, mpaka ile iliyonitapisha. Nimekwenda kwa mganga wa Kikoneni, nimekwenda hospitali peke yangu, wakanipima wakasema sina kasoro, nirudi na mume wangu. Nimemwambia. Hajaenda. Mimi nimekunywa kila kitu. Mwanao hajanywa hata maji.”

Alisema kwa adabu, sauti chini. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Nilibaki na jani langu la mgomba mapajani. Kwa siku zote hizo nilikuwa nimeutazama mwarobaini wa jirani, lango la jirani, na gunia nyuma ya mlango. Mwanangu alikuwa akiingia na kutoka mbele yangu, nami sikuwahi kumtilia shaka hata kidogo.

“Kwa nini hukuniambia kuhusu hospitali?”

“Ningesemaje, mama? Ni mwanao.”

Niliongea na mwanangu jioni ile ile, aliporudi na uchovu wa zamu. Nilingoja ale, aoge, kisha nikamwita barazani na kumwambia wazi, kama nilivyokuwa nikiwaambia wazazi wa wanafunzi, kwamba mkewe amekwisha pimwa na sasa ni zamu yake. Akakunja uso.

“Amekutuma?”

“Hajanituma. Nimesema mimi.”

“Mimi ni mzima, mama. Unaniona mimi ni mgonjwa?”

“Mkeo naye alikuwa anaonekana mzima. Na hukuniambia niache kumnywesha kombe.”

Aliondoka barazani bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alilala chumba cha nje. Asubuhi yake alikwenda kazini bila chai. Wifi akaniuliza kulikoni, nikamwambia ni joto. Akanitazama sana. Kwake jawabu lilikuwa limekwisha patikana: yai limekuja, na mume na mke wamegombana ndani ya siku moja. Angehitaji ushahidi gani zaidi? Kabla ya kurudi kwao Kikoneni alizunguka nyumba yangu yote akimwaga maji ya chumvi kwenye pembe, na mimi sikumzuia. Kusema kweli nilitembea naye, nimembebea ndoo.

Mvua ya masika ilinyesha siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama. Jirani yangu aliniona napanda kunde akaja kusimama ukingoni mwa shamba. Alikuwa ameviondoa vitambaa mtini. Alisema ameelezwa na watu wengine maana yake kwetu, na kwamba mwakani atafanyia sherehe yake nyuma ya nyumba, wasipoona watu.

Nilitaka kumwambia kwamba kitu kinachofanywa wasipoona watu ndicho tunachokiogopa zaidi. Nikaona atachoka na sisi. Nikamwambia, “Fanya utakavyoona.” Akaniuliza hali ya mkaza mwanangu, kwa nini haji siku hizi.

“Yu mzima,” nikamjibu. “Ana kazi.”

Alingoja niongeze. Sikuongeza. Siamini kwamba alitutakia mabaya, na nimekwisha kumwambia mwalimu wa madrasa hivyo. Lakini mtu anayeiomba ardhi, siwezi kumpa habari za tumbo la mtu wa nyumbani kwangu aende nazo chini ya mti. Aliondoka, nami nikaisoma Ayatul Kursi, na sikuona haya kuisoma.

Mwanangu alikwenda hospitali ya Msambweni katikati ya Ramadhani. Hakuniaga kwamba anakwenda huko. Nilijua kwa sababu walitoka pamoja, yeye na mkewe, na yeye amevaa shati la Ijumaa siku ambayo si Ijumaa. Walirudi karibu na kufuturu. Mkaza mwanangu akaingia jikoni moja kwa moja akawasha moto wa uji. Mwanangu alikuja akasimama mlangoni pa chumba changu, ameegemea ubao, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama utotoni akiwa ameanguka mtini na hataki niuone mguu.

“Wamesema ni mimi,” akasema.

Nikamwambia aingie akae. Hakukaa.

“Wamesema kuna dawa. Inawezekana ikasaidia, inawezekana isisaidie. Nitarudi baada ya Idi.” Akashusha sauti. “Naomba shangazi asijue.”

“Hatajua kwangu.”

“Nimemwomba radhi,” akasema, akielekeza kidevu upande wa jikoni. “Ameniambia nikakune nazi.”

Basi akaenda akakuna nazi. Niliwasikia huko, kibao cha mbuzi kinalia, hawazungumzi sana. Adhana ilipotoka tukakaa mkeka mmoja, tukafungua kwa tende na maji.

Wifi alipiga simu kutoka Kikoneni usiku huohuo, baada ya tarawehe. Akauliza hali yangu, nikamuuliza macho yake. Akauliza kama nimeona dalili yoyote kwa mkaza mwana, kwa sababu amesikia habari ya mganga mmoja mpya, mtu wa upande wa mpakani, hodari kwa mambo yaliyofungwa na wageni. Nikamwambia amwache msichana apumzike.

“Unanizuga, wifi,” akasema. “Mimi naona kuna jambo mnanificha.”

Nikamwambia kunde zimeota vizuri mwaka huu, akitaka majani ya mboga aje achume.